Kipimo cha Upanga: Urefu wa Rapia katika Sheria na Elimu ya Ulaya

Kila kipimo kina mwenyewe. Shibiri na mkono ni vipimo vya mwili, na mwenye mwili hutembea navyo popote aendapo. Yadi na mita ni vipimo vya serikali, na serikali huviweka chini ya ulinzi wake. Aghalabu vipimo vya namna hizi mbili hukaa pamoja kwa amani, kwa kuwa mnunuzi wa kitambaa hapotezi uhai wake kwa tofauti ya inchi mbili. Lakini palikuwa na wakati katika Ulaya, tangu katikati ya karne ya 16 hata katikati ya karne ya 17, ambapo inchi chache za chuma ziliweza kumtia mtu gerezani, kumnyima fundi kazi yake, kumghadhibisha balozi wa mfalme, na kuhesabiwa kuwa sababu ya mtu kuishi au kufa. Chuma hicho kilikuwa bapa la upanga ulioitwa rapia.

Wanafunzi wa historia ya silaha huuliza mara nyingi urefu halali wa rapia ulikuwa kiasi gani. Swali hilo lataka jibu la namba moja, na habari zilizobaki hutoa namba nyingi. Mwenye kuzilinganisha namba hizo ataona kuwa hazikutoka mahali pamoja. Nyingine zilitoka kwa wafalme, nyingine kwa walimu, nyingine kwa wafua panga, na kila mmoja wao alipima kwa haja yake. Kwa hiyo yapasa kwanza kuuliza ni nani aliyeshika kipimo, na alikishika kwa ajili ya nini. Ndipo namba yenyewe itakapokuwa na maana.

Rapia ni upanga mwembamba, mnyoofu, wenye ncha kali, uliofuliwa kwa kuchoma zaidi kuliko kukata. Jina lake wengi hulifuata mpaka katika maneno ya Kihispania, espada ropera, maana yake upanga wa mavazi, yanayoonekana katika maandishi ya karne ya 15. Jina hilo lina habari kubwa ndani yake. Upanga wa askari ulivaliwa pamoja na deraya siku ya vita. Upanga huu ulivaliwa juu ya nguo za kila siku, sokoni, barabarani na katika nyumba za watu. Haukuwa silaha ya jeshi bali silaha ya raia mwenye cheo, au ya raia aliyetaka kudhaniwa kuwa na cheo. Kwa sababu hiyo urefu wake haukuamuliwa na jemadari katika ghala la silaha. Uliamuliwa na mambo matatu yaliyokuwa yakivutana: elimu ya mwalimu, fahari ya mvaaji, na amri ya mfalme.

Elimu ndiyo iliyotangulia kuurefusha upanga. Mwaka 1553 Camillo Agrippa, mhandisi wa asili ya Milano aliyefanya kazi Roma, alitoa kitabu kilichoeleza mapigano kwa mistari na pembe za jometri. Mikao ya upanga, ambayo zamani ilikuwa mingi na yenye majina ya fahari, aliipunguza ikawa minne ya msingi, akaiita kwa namba tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Zaidi ya yote alitukuza kuchoma. Hoja ya wafuasi wa kuchoma ilikuwa nyepesi kufahamika. Upanga unaokata hupita njia ya mviringo. Ncha inayochoma hupita njia iliyonyooka, na iliyonyooka ndiyo fupi. Kutoka katika hoja hiyo haikuwa safari ndefu kuifikia nyingine: ikiwa ncha ndiyo inayoua, basi mtu ambaye ncha yake iko mbali zaidi na mwili wake ndiye atakayefika kwanza. Watu wawili wa kimo kimoja wakinyoosha mikono kwa wakati mmoja, mwenye bapa refu humgusa mwenzake kabla hajaguswa. Basi mmoja akiongeza inchi tatu, jirani yake hapana budi aongeze tatu ili awe sawa naye, na ya nne ili amshinde. Mashindano ya namna hiyo hayana kikomo chake yenyewe; hukoma tu pale mkono unaposhindwa kubeba, au pale mtu mwingine anapoyakomesha.

Katika Uingereza mtu huyo mwingine alikuwa Malkia Elizabeth I. Mwezi wa Mei, 1562, alitoa tangazo ambalo ndani yake palikuwa na vipimo vya silaha za raia. Bapa la upanga au rapia lisipite yadi moja na nusu ya robo ya yadi, yaani inchi 40 na nusu, au karibu sentimeta 103. Bapa la jambia lisipite inchi 12. Ncha ya chuma iliyosimama katikati ya ngao ndogo isipite inchi 2. Aliyepatikana na silaha iliyozidi alinyang'anywa, akafungwa, akatozwa faini kwa kadiri ya hiari ya Malkia. Fundi aliyefua, aliyeuza au aliyeweka nyumbani silaha iliyozidi alifungwa mpaka amalize kulipa faini yake. Na akishikwa mara ya pili, hakuruhusiwa tena kuifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Mambo mawili katika tangazo hili yafaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni mahali lilipowekwa. Vipimo hivyo vya upanga vilikuwa pamoja na amri za mavazi, zile zilizosema ni nani avae hariri na ni nani asivae. Serikali, kama jina la Kihispania lisemavyo, iliuhesabu upanga huu kuwa sehemu ya nguo. La pili ni sababu iliyotolewa. Tangazo lilieleza kuwa panga ndefu zilizochongoka namna ile hazikuelekea kujihami, ambako ndiko maana halisi ya raia kuchukua silaha wakati wa amani, bali zilielekea kuua. Haki ya kuvaa upanga, basi, haikukanwa. Kilichodaiwa ni kuwa haki hiyo ina mpaka wake, na kwamba mpaka wenyewe waweza kuonekana katika urefu wa chuma: kabla ya inchi ile kuna kujihami, na baada yake kuna kuua. Huu ndio moyo wa jambo zima. Kama dai hilo lilikuwa kweli, sheria ilikuwa na hekima. Kama halikuwa kweli, wafua panga walipoteza riziki zao kwa ajili ya alama iliyochorwa hewani.

Miaka miwili baadaye, 1564, Mfalme Felipe II wa Hispania alitoa amri iliyofanana nayo. Mtu yeyote asichukue upanga, wala panga nyembamba za aina nyingine alizozitaja, wenye bapa lililozidi robo tano za vara. Adhabu zilikuwa faini, kifungo na kunyang'anywa upanga, na aliyerudia kosa aliadhibiwa zaidi. Vara ya Kastilia ilikuwa karibu sentimeta 83.6; robo tano zake ni karibu sentimeta 104.5. Tofauti baina ya sheria ya London na sheria ya Madrid, kwa hiyo, haifiki upana wa kidole gumba. Nchi hizi mbili zilikuwa na dini mbali, lugha mbali na vipimo mbali, na kabla ya karne kwisha zilikuwa zikipigana baharini. Hata hivyo zilisimamisha upanga mahali karibu pamoja. Hapana haja ya kudhani kuwa moja iliiga nyingine. Kila moja ilitafuta urefu ambao mtu wa kimo cha kawaida aliweza kuuvaa kiunoni na kuuchomoa alani bila taabu, ikauandika kwa sehemu nyepesi za kipimo chake: Mwingereza kwa yadi na nusu ya robo, Mhispania kwa robo tano.

Wahispania waliuita upanga uliotimiza sheria upanga wa marca, yaani wa kipimo kilichowekwa, na uliozidi waliuita wa zaidi ya marca. Lakini kipimo chenyewe kilihitaji kupimwa. Miji ya Hispania ilikuwa na vara zisizolingana, na ni mwaka 1568, miaka minne baada ya amri ya panga, ndipo Felipe II alipoagiza vara ya Burgos ifuatwe katika ufalme. Maana yake ni kuwa katika miaka ya mwanzo ya sheria, upanga mmoja uliweza kuwa halali katika mji mmoja na haramu katika mji mwingine bila ya kuongezwa wala kupunguzwa.

Tena palikuwa na shida ya mahali pa kuanzia kupima. Upanga wa kale ulikuwa na fito ya chuma iliyokingama kati ya mpini na bapa, na kila mtu aliona bapa lilipoanzia. Rapia ilikuwa na kinga ya mkono iliyofumwa kwa pete na fito za chuma, na sehemu ya bapa isiyo na makali iliingia ndani ya kinga hiyo, ambamo mwenye upanga alipitisha kidole chake cha shahada. Je, sehemu hiyo ilikuwa ya bapa au ya mpini? Aliyepima kutoka kwenye fito iliyokingama alipata namba moja; aliyepima kutoka mwisho wa kinga ya mbele alipata nyingine iliyo pungufu kwa inchi kadhaa. Mfua upanga mwenye akili aliweza kuuza upanga mrefu na kuapa kuwa ni mfupi, na asiwe mwongo. Yafaa kukumbuka pia kuwa mabapa yalisafiri. Yalifuliwa Toledo, Milano na Solingen, yakauzwa mbali, na wahunzi wa Solingen hawakuona haya kuyapiga mihuri yenye majina ya mafundi wa Toledo. Askari wa London aliyekuwa na kipimo cha Kiingereza mkononi aliweza kuwa anapima chuma cha Kijerumani chenye jina la Kihispania.

Wafalme walipokuwa wakipima kwa yadi na vara, walimu waliendelea kupima kwa mwili. Mwaka 1610 Ridolfo Capo Ferro, aliyefundisha Siena, aliandika kuwa upanga uwe na urefu wa mkono wa mtu mara mbili, na uwe sawa na hatua yake ndefu ya kushambulia. Na urefu huo, alisema, ni sawa na ule wa kutoka wayo wa mguu hata chini ya kwapa. Gérard Thibault wa Antwerp, aliyejengea juu ya elimu ya Wahispania, alitaka pungufu ya hapo. Katika kitabu chake kikubwa kilichotoka Leiden mwaka 1630, mtu akisimama wima na kuweka ncha ya upanga chini kati ya miguu yake, fito za kinga ziufikie usawa wa kitovu. Juu ya kanuni hiyo alijenga duara lake mashuhuri lililochorwa sakafuni, ambalo nusu ya kipenyo chake ni urefu wa bapa, na kila hatua ya mpiganaji hupimwa ndani yake.

Kanuni hizi zaweza kujaribiwa kwa mtu wa sentimeta 170. Kitovu chake kiko karibu sentimeta 102 kutoka chini, na kwapa lake karibu sentimeta 128. Kwa Thibault, bapa lake litakuwa sentimeta 102, na sheria ya Elizabeth ingempisha langoni bila neno. Kwa Capo Ferro, kama upanga wote umehesabiwa pamoja na mpini wa sentimeta 15, bapa litakuwa karibu 113, na sheria ingelikata. Kama ni bapa peke yake lililohesabiwa, lingekatwa zaidi. Mtu wa sentimeta 185 angepoteza karibu sentimeta 8 hata kwa kanuni ya Thibault, na mtu wa sentimeta 160 angeruhusiwa kuvaa upanga mrefu kuliko unaomfaa. Hapa ndipo tofauti ya vipimo viwili inapodhihiri. Kipimo cha mwalimu kilimpa kila mtu upanga wa kadiri yake, kwa hiyo panga hazikuwa sawa. Kipimo cha mfalme kiliwapa watu wote mpaka mmoja, kwa hiyo watu hawakuwa sawa mbele ya mpaka huo. Kila kimoja kilikuwa na haki yake na dhuluma yake.

Mwalimu mmoja Mwingereza alijaribu kuvipatanisha. George Silver alitoa kitabu chake mwaka 1599, akiwa adui mkubwa wa rapia na wa Waitaliano waliokuja London kuifundisha. Yeye na ndugu yake Toby walikwisha wahi kuwaita hadharani Vincentio Saviolo na mwenzake Jeronimo waje kushindana nao, na Waitaliano hao hawakutokea. Silver alitetea upanga mfupi wa Kiingereza, ukatao na kuchoma, akaupa kipimo cha mwili: mtu asimame na jambia katika mkono ulionyooka mbele, na upanga katika mkono wa pili, auvute upanga nyuma kadiri iwezekanavyo bila kukinyoosha kiwiko, urefu ambao ncha yake yaweza kurudishwa mpaka nyuma ya jambia ndio urefu uliotimia. Kisha alikigeuza kipimo hicho kuwa namba. Kwa mtu wa kimo cha kati bapa liwe yadi moja na inchi 1. Kwa mtu mrefu liwe yadi moja na inchi 3 au 4, lisizidi. Namba yake ya juu kabisa, inchi 40, iko chini ya sheria kwa nusu inchi tu.

Waweza kudhaniwa kuwa Silver alikuwa akijipendekeza kwa sheria, lakini hoja yake ilisimama kwa miguu yake yenyewe. Alisema kuwa panga mbili zilizo ndefu kupita kiasi zikikutana na kupishana, hakuna awezaye kuurudisha wake kwa wakati ili ajikinge. Kila mmoja ana silaha inayofika kwa mwenzake, na hakuna mwenye silaha inayorudi kwake. Mwisho wake ni wawili kuchomana pamoja. Mashindano ya urefu, kwa kufikiri hivi, hayampi mtu usalama. Humwondolea adui usalama, na adui akifanya vivyo hivyo wote wawili hubaki uchi. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu tangazo la 1562, na hapa mtaalamu wa upanga alifika kwa njia ya viungo vya mwili mahali pale pale ambapo Malkia alifika kwa njia ya amani ya mji: upanga uliozidi kipimo huua na haulindi.

Hata hivyo, kila mwamba ngozi huvutia kwake. Silver alikuwa akiuza elimu yake dhidi ya elimu ya wageni, na walimu wengine hawakumsikiliza. Elizabeth alikufa mwaka 1603, na mwaka uliofuata Bunge lilifuta sheria za mavazi. Mwaka 1617 Joseph Swetnam, Mwingereza vilevile, aliwaambia wasomaji wake kuwa rapia iwe na futi 4 angalau, yaani sentimeta 122, pamoja na jambia la futi 2. Namba ambayo Silver aliifanya kuwa mwisho, Swetnam hakuiona kuwa inatosha hata kwa mwanzo.

Sheria isiyopimwa barabarani hubaki karatasi, na sheria hii ilipimwa barabarani. Tangazo lilirudiwa mwaka 1566, likarudiwa tena mwaka 1580. Edmund Howes, aliyeiendeleza tarehe ya John Stow katika karne ya 17, alikumbuka kuwa kijana mwenye ukosi mpana zaidi wa marinda na rapia ndefu zaidi ndiye aliyehesabiwa kuwa mtanashati kuliko wote. Na kuwa Malkia aliweka raia wenye busara katika kila lango la mji ili wakate kosi na kuvunja ncha za rapia zilizozidi. Howes alisema kipimo kilikuwa yadi moja. Tangazo lilisema yadi moja na nusu ya robo. Labda kumbukumbu ilikuwa imeipunguza sheria, kama ilivyo desturi ya kumbukumbu. Lakini mwanafunzi apime hatari ya jambo hilo kwa mtu aliyesimama langoni mbele ya mlinzi mwenye kumbukumbu kama ya Howes. Inchi 4 na nusu za haki yake zilikuwa katika kichwa cha mtu mwingine.

Barua moja ya mwaka 1580 yaonyesha sheria hiyo ikiwa kazini. Balozi wa Ufaransa, Mauvissière, alikuwa akirudi kutoka matembezini juu ya farasi, akapitia Smithfield. Pale kizuizini palikuwa na maofisa waliokaa kukata panga, wakamsimamisha kwa kuwa rapia yake ilizidi kipimo. Balozi alighadhibika, akauchomoa upanga wake. Pengine damu ingalimwagika kama Lord Henry Seymour hangalitokea na kulituliza jambo. Malkia alipopata habari aliwakasirikia mno maofisa wake, akawaona kuwa hawana busara.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wakasema pia kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Maofisa wa Smithfield waliishika methali ya kwanza, na Malkia aliwataka waijue ya pili. Hawakukosea kupima; upanga ulikuwa mrefu kweli. Kosa lao lilikuwa kuamini kuwa inchi ya sheria ni moja kwa watu wote. Mfua upanga aliyeuza bapa kama lile mara mbili alipoteza kazi yake ya maisha. Balozi aliyelivaa aliombewa radhi kwa namna ya kukaripiwa waliomzuia. Sheria iliyodai kuwa mpaka wa kujihami na kuua umo ndani ya chuma ilikiri hapo kuwa sehemu ya mpaka huo imo katika cheo cha mwenye chuma.

Kisa kingine chajaribu dai la sheria kwa njia iliyo kali zaidi. Tarehe 22 Septemba 1598, katika uwanda wa Hoxton nje ya London, mwandishi wa michezo Ben Jonson alipigana na mwigizaji Gabriel Spencer, akamwua. Hati ya mashtaka ilitaja upanga wa Jonson kuwa ni rapia yenye thamani ya shilingi 3. Jonson aliokoka kitanzi kwa kuomba haki ya wajuao kusoma, akapigwa chapa ya moto katika kidole gumba. Miaka 20 baadaye, akizungumza na William Drummond huko Scotland, alisema kuwa alijeruhiwa mkononi katika pigano lile, na kuwa upanga wa adui yake ulikuwa mrefu kuliko wake kwa inchi 10.

Maneno hayo ni ya mshindi, na mshindi hupenda kumrefusha aliyeshindwa. Lakini yakikubaliwa, hesabu yake yafundisha. Ikiwa bapa la Jonson lilifika ukomo wa sheria, inchi 40 na nusu, la Spencer lilikuwa inchi 50 na nusu, haramu kupita kiasi. Ikiwa la Spencer ndilo lililokuwa halali, la Jonson halikuzidi inchi 30 na nusu. Hakuna njia ya tatu ambayo panga zile mbili zingekuwa sawa. Na aliyekuwa na inchi 10 za ziada ndiye aliyezikwa. Urefu ulimpa Spencer jeraha moja katika mkono wa adui. Haukumpa njia ya kuurudisha upanga wake adui alipokwisha kuingia ndani ya ncha. Silver, mwaka mmoja baadaye, aliandika kanuni ambayo kisa hiki chafanana nayo. Lakini kisa hiki chaonyesha pia udhaifu wa sheria, kwa kuwa upanga mfupi ndio ulioua. Rapia ya shilingi 3, ambayo pengine kila mlinzi wa lango angeipisha, ilitosha kabisa kumfanya mtu maiti.

Hapo ndipo swali la wanafunzi laweza kurudiwa. Mabapa mengi ya rapia yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya yana urefu wa kati ya sentimeta 100 na 115, na mengine machache yapita 120. Kwa namba hizo mtu aweza kusema haraka kuwa sheria haikufuatwa. Yafaa asiharakishe. Vilivyohifadhiwa ni vitu vizuri vya watu wakubwa, ambao, kama balozi yule, hawakupimwa sana. Upanga wa shilingi 3 ulitumika mpaka ukaisha, kisha ukawa chuma cha kazi nyingine. Mabapa mengine yalikatwa, mengine yalitiwa mipini mipya katika zama nyingine. Wala tangazo la 1562 halisemi watu walivaa inchi 40 na nusu. Lasema kuwa walikuwapo watu waliovaa zaidi, na walikuwa wengi kiasi cha kumlazimu Malkia aseme; na kurudiwa kwake mwaka 1566 na mwaka 1580 kwasema kuwa waliendelea. Namba iliyo ndani ya katazo ni ushahidi wa mambo yaliyo upande wa pili wa katazo. Urefu wa rapia uliokubaliwa na watu wote haukuwapo. Palikuwa na ugomvi wa karibu miaka mia juu ya nani auweke.

Ugomvi huo haukumalizwa na walinzi wa malango. Serikali za karne ya 17 zilianza kuacha kupima chuma, zikapima kitendo. Katika Ufaransa amri ya mwaka 1626 iliwakaza wapiganao kwa kuagana, na mwaka 1627 François de Montmorency-Bouteville, mtu wa ukoo mkubwa, alikatwa kichwa kwa kupigana hadharani mjini Paris. Hakuna aliyeuliza urefu wa upanga wake. Hii ilikuwa sheria ya namna nyingine, iliyokubali kuwa mauti hayamo katika inchi ya 41 bali katika nia ya watu wawili wanaokwenda uwanjani. Na safari hii msumeno haukuogopa shingo nene.

Upanga wenyewe ulifupishwa na mkono usiokuwa wa serikali. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 17 mavazi ya Kifaransa yalikuwa yamebadilika, na mtanashati hakutaka tena chuma kirefu kilichomgonga kila mpita njia. Walimu nao walifundisha mchezo mwepesi, wa mkono wa haraka, uliotaka upanga mdogo. Bapa lilishuka hata karibu sentimeta 80, pungufu sana ya kikomo cha Elizabeth na cha Felipe, na hapakuwa na mtu aliyekaa Smithfield na kipimo mkononi. Yale ambayo matangazo matatu hayakuyaweza, mshonaji na mwalimu waliyafanya bila faini wala kifungo.

Wala isidhaniwe kuwa Malkia alikosa akili. Aliona kwa macho yake kuwa vijana wa mji wake walikuwa wakiuana, akashika kitu ambacho serikali yaweza kukishika: chuma, fundi, lango. Nia haishikiki langoni. Lakini kipimo alichokiweka kilikuwa chake peke yake. Mvaaji hakukiona kuwa cha kwake, mwalimu alikuwa na kingine, na mkubwa alikuwa juu yake. Kilipokuja kipimo ambacho mvaaji mwenyewe alikitaka, upanga ulikifuata. Ajali ya wafua panga waliofungiwa kazi zao katikati ya mambo hayo haikuandikwa katika vitabu vya walimu wala katika barua za wakubwa, ingawa wao ndio waliolijua bapa kuliko wote, tangu lilipokuwa jekundu motoni.